Bibi Grace Onyango: Maneno kwa Wanachama wa Kitale na Bungoma



Sisi wa reli twaujua mji wa Kisumu, ingawa zamani mtu wa Bungoma akienda huko kwa gari la moshi ilimbidi azunguke mpaka Nakuru. Huko Bibi Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, aliingia baraza la mji, na mwaka 1965 akawa Meya, mwanamke Mwafrika wa kwanza Kenya. Mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu wakampeleka Bungeni. Kabla yake hakuna mwanamke aliyefika huko kwa kuchaguliwa. Mwaka 1974 wakamrudisha, na jirani yetu wa Busia, Bibi Julia Ojiambo, naye akashinda, akafanywa Waziri Mdogo. Waziri kamili mwanamke tulimngoja mpaka 1995: miaka 32 tangu Uhuru!

Angalieni basi, Bibi Grace alianzia baraza la mji. Kwetu mlango ni halmashauri ya tawi. Akina mama hulipa ada kama sisi, na siku ya mgomo hawabaki nyuma, lakini siku ya kura twawaachia chai. Uchaguzi wa tawi umekaribia. Mwenye jina la mama wa kusimama amwone Karani kabla ya Jumamosi.