Kumsikiliza Shahidi ni Kazi ya Kwanza ya Mchunguzi

(Hotuba kwa makatibu na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vyama vya msingi, katika mafunzo ya uchunguzi)



Hakuna msimu wa mazao unaopita bila jambo la kuchunguzwa. Mara hesabu ya ghala haipatani na stakabadhi; mara magunia yamepungua njiani; mara mwanachama analalamika kwamba uzito ulioandikwa si ule aliouona kwenye mizani. Kabla mkaguzi hajafika, na kabla polisi hawajaitwa, watu wa kwanza kuuliza ni ninyi. Kwa hiyo ninyi ndio mnaoweza kuihifadhi habari ya shahidi au kuiharibu. Ikiharibika, mwizi huponyoka na karani asiye na kosa hufukuzwa kazi.

Wengi hudhani kwamba kuhoji ni kuuliza maswali mengi. Sivyo. Huko Marekani, wataalamu wa saikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman, pamoja na mwenzao, walisikiliza kanda za mahojiano ya makachero wa Florida, wakatoa matokeo yao mwaka 1987. Walikuta kwamba shahidi alipoanza kueleza, kwa wastani alikatizwa kabla sekunde 8 hazijatimia. Shahidi akikatizwa mara mbili tatu huelewa kwamba hatakiwi kusimulia, bali kujibu tu. Basi hunyamaza, akangoja swali, na mengi anayoyajua hubaki kifuani mwake.

Jambo la pili ni maneno ya swali lenyewe. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyogongana. Kundi moja liliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana”, na jingine “yalipopondana”. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hiyo hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Hata hivyo, katika watu 50 walioulizwa kwa neno la kwanza, 7 walisema waliviona; katika 50 walioulizwa kwa neno zito zaidi, walikuwa 16. Hawa hawakuwa waongo. Neno la mwulizaji lilikuwa limeingia katika kumbukumbu yao.

Sasa tulete jambo hili ghalani kwetu. Mjumbe akimwuliza mlinzi, “Ulimwona karani akitoa magunia usiku saa ngapi?”, amekwisha kumpa karani, magunia na usiku. Kilichobaki ni saa tu. Swali la haki ni hili: “Tueleze yote uliyoyaona wewe mwenyewe, tangu Jumatatu jioni hadi Jumanne asubuhi.” Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mchunguzi aliyekwisha kuamua nani mkosaji huvuta kila jibu upande wake, naye hajui kwamba anavuta.

Uingereza ililipa gharama kubwa kwa kosa la namna hii. Watu waliohukumiwa kwa mabomu yaliyolipuka Guildford na Birmingham mwaka 1974 walikaa gerezani miaka mingi, hadi hukumu zao zilipofutwa mwaka 1989 na 1991. Maungamo waliyodaiwa kuyatoa mbele ya polisi hayakuweza kutegemewa. Kuanzia mwaka 1992 polisi wa Uingereza na Wales walianza kufundishwa utaratibu mpya wa mahojiano wenye hatua tano, nao waweza kutufaa sisi pia.

Hatua ya kwanza ni kujiandaa. Someni daftari la mizani, kitabu cha ghala na stakabadhi kabla ya kumwita mtu yeyote.

Ya pili ni kumkaribisha shahidi na kumweleza kwa nini ameitwa. Ahojiwe peke yake, mahali pa utulivu, kwa lugha anayoimudu. Asiambiwe wenzake wamesema nini.

Ya tatu ni kupokea maelezo. Mwacheni aseme mpaka mwisho. Akinyamaza, ngojeni kidogo; huenda anakumbuka. Mwambieni arudishe fikira pale alipokuwa: alisimama wapi, hali ya hewa ilikuwaje, nani alikuwapo. Ndipo mwulize yaliyobaki, mkitenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia kwa watu.

Ya nne ni kufunga. Msomeeni maandishi, asahihishe, kisha atie sahihi au dole gumba.

Ya tano ni kupima. Yalinganisheni maelezo na vitabu, na mjiulize kama mahojiano yenyewe yalikwenda sawa.

Ujuzi huu haupatikani kwa kusikiliza hotuba. Kila kamati na ifanye zoezi kabla ya msimu: mmoja awe shahidi, mmoja aulize, na wa tatu ahesabu ni mara ngapi mwulizaji amemkatiza mwenziwe, na ni maswali mangapi yaliyobeba jibu ndani yake. Baada ya hapo wabadilishane nafasi.

Mwisho, Ndugu Wanachama, tukumbuke mpaka wetu. Kamati si polisi wala si mahakama. Haina ruhusa ya kumfungia mtu ofisini, kumtisha, wala kumwahidi msamaha ili aseme. Dalili za jinai zikionekana, hifadhini vitabu na maandishi, mkavikabidhi kwa wenye mamlaka.

Mkulima huleta mazao yake chamani kwa sababu anaamini kwamba mizani ni ya haki. Yampasa aamini vilevile kwamba siku atakapoitwa kueleza jambo, atasikilizwa kwa haki ile ile.