Safari Yetu ya Familia Hadi Pwani

Haya ni maneno ya mweka hazina wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka Makueni, aliyoyasema mbele ya mkutano wa vikundi vya jirani.

Nimeombwa niwaeleze juu ya safari tuliyofanya Agosti 2024, familia 11 za kikundi chetu, kwenda Mombasa na Malindi. Najua wengine hapa wamesikia ati tulikula pesa za kikundi tukaenda kuogelea. Kwa hivyo nitaanza na pesa, halafu nitasema tuliyoyaona. Na nitasema pia juu ya ile siku nusura tupoteze watoto, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Barabara ya Mombasa iko hapo chini, tunaiona kila siku. Tunawauzia wasafiri maembe na machungwa kupitia madirisha ya mabasi. Lakini tulipoulizana kikundini ni nani amewahi kufika baharini, mikono iliyoinuliwa ilikuwa mitatu. Susu mmoja wa kikundi chetu, mwenye miaka 76, alisema mume wake alifanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Kilindini miaka mingi, akawa anarudi nyumbani Krismasi tu, na yeye hajawahi kupaona mahali palipomweka mzee wake. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Tulikubaliana kila familia iweke shilingi 300 kwa wiki, kwa wiki 40, katika sanduku lake, mbali na merigoraundi na mbali na mfuko wa mikopo. Hiyo ni 12,000 kwa kila familia, na jumla 132,000. Wengine walileta 300, wengine walileta mayai au kuku tukauza tukaandika. Wiki tatu za mwezi wa Januari, wakati wa karo, hatukudai mtu, tukaongeza wiki hizo mwishoni.

Sasa, kosa letu. Tulimpa mwenye gari mmoja shilingi 20,000 mkononi bila karatasi, kwa sababu ni mtu tunayemjua. Wiki moja kabla ya safari akasema gari liko gereji. Pesa hazikuwapo. Tulikaa kikao cha usiku, tukaamua kukopa 20,000 kutoka kwa mfuko wa mikopo, na sahihi za wanachama wote ziko kitabuni. Yule bwana alirudisha kidogo kidogo hadi Januari, na mfuko ukajaa. Hiyo ndiyo habari mliyosikia ikiwa nusu. Lakini ni kweli tulikosea, maana kuna mama aliyetaka mkopo wa mbegu mwezi wa Oktoba akapata nusu ya alichoomba. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi.

Gari la pili tuliliendea kwa macho. Tuliandikiana, tukaona bima na stika ya ukaguzi, tukahesabu mikanda ya viti mmoja mmoja, na magurudumu tukayapapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Tukaandika pia kwamba hatusafiri usiku. Kutoka Emali hadi Mombasa ni karibu kilomita 360, na malori kwenye barabara hiyo ni mengi mno. Dereva akichoka tunasimama, hata kama watoto wanalia wanataka kufika.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu 31, na 14 kati yao ni watoto. Tulibeba sufuria, unga, maharagwe na ndoo yenye kifuniko. Ndoo ni ya watoto wanaotapika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na pia usipeleke chupa za maji za kutupa ndani ya mbuga, utanyang'anywa mlangoni. Makindu tulisimama kwenye hekalu la Masingasinga. Pale msafiri yeyote anapewa chakula bure, awe wa dini gani. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa na wengine, unakula. Tuliacha sadaka kidogo, ingawa hakuna aliyetudai. Baada ya Mtito Andei watoto waliona ndovu wa Tsavo wakiwa wekundu kwa udongo, na hapo hata waliokuwa wanatapika wakapona.

Kabla ya kuingia Mombasa, pale Mazeras, tulikata kona kwenda Rabai. Wengi hupita tu. Rabai ndipo wamisionari Krapf na Rebmann walipoanzisha kituo chao mwaka wa 1846, na kanisa na nyumba zao za zamani ziko pale. Lakini kilichotugusa sisi ni kingine. Huyo Krapf alipotaka kuja huku kwetu mwaka wa 1849, alifuata njia za wafanyabiashara Wakamba, akafika Kitui kwa Kivoi, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Mababu zetu walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Ukambani hadi pwani na pembe za ndovu. Na sisi tulikuwa tumekaa kwenye viti tukilalamika juu ya joto! Kijana mmoja wa kidato cha tatu alisema jambo hilo hakulijua. Hata mimi sikulijua.

Siku ya pili tulikwenda Fort Jesus. Wareno waliijenga kuanzia mwaka wa 1593, Waarabu wa Oman wakaiteka mwaka wa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wazee wetu walikaa sana kwenye habari ya jela, watoto wakakaa kwenye mizinga. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, kwa sababu mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na malipo ni kwa simu, si noti. Ukitoka hapo unaingia Mji wa Kale kwa miguu. Akina mama wavae leso, wasalimie wazee kwa shikamoo, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Tulikula mahamri na mbaazi barazani, tukashiba kwa pesa kidogo kuliko soda na keki za njiani.

Jioni tulikwenda Likoni. Mpita njia halipi kitu kwenye feri. Tuliwashika watoto mikono, kila mtu mzima na wake, tukasubiri wanaokimbia watangulie. Hatukusahau ile feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272. Katikati ya maji susu aliomba tumsogeze pembeni. Kutoka hapo unaziona meli za Kilindini na zile winchi kubwa za kupakua mizigo. Alitazama bila kusema mpaka feri ikagota ng'ambo. Kisha akasema kwa Kikamba, "Kumbe kulikuwa mbali hivi." Tulirudi na feri iyo hiyo. Safari nzima hatukutumia hata senti kwa jambo hilo, na ukimuuliza mtu yeyote kwenye kikundi chetu, atakuambia hilo ndilo analolikumbuka kwanza.

Siku ya tatu, tarehe 20 Agosti. Tulikuwa tumelala Kikambala. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia, na sisi watu wa bara tuliona ni mwezi mzuri tu. Saa nne na nusu asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali, mchanga na mwani vikabaki wazi. Watoto watano walikwenda na kijana wetu mmoja hadi kwenye mwamba kutazama kiti cha pwani na kaa. Sisi tulikaa chini ya mivinje tukimenya viazi. Tuliona maji yako mbali, tukasema hakuna hatari, hakuna hata mawimbi.

Mara mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akikagua malema yake, akaanza kupiga kelele. "Mama! Warudisheni watoto! Maji yaja!" Nilisimama nikatazama, nikaona watoto wako kwenye mwamba mkavu. Sikuelewa anasema nini. Kumbe maji hayaji kwa mbele tu. Kati ya mwamba na ufuo kuna bonde, na bonde hilo hujaa kwanza. Pale ulipo pakavu, nyuma yako njia imekwisha. Yule mzee alikwenda mwenyewe. Aliwapitisha kwenye tuta la mchanga ambalo sisi hatukuliona, mdogo kabisa akiwa mabegani mwake, na wakubwa maji yakiwa kifuani. Baada ya saa moja tuta lenyewe halikuonekana.

Alikaa nasi akatufundisha, na nataka mlishike hili. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kesho huchelewa kama dakika 50. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Saa ya kwanza huja polepole, ndiyo inayodanganya watu; saa ya tatu na ya nne huja kwa kasi. Mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiandama, ndizo siku za bamvua. Siku hizo maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu, na hapo pwani yetu huweza kupanda zaidi ya mita tatu, yaani kimo cha nyumba. Kwa hivyo ukifika ufuo wowote, kabla ya mtoto kuvua viatu, muulize mvuvi: maji yanapwa saa ngapi leo? Uanze kurudi kabla hayajageuka. Tulitaka kumpa mzee kitu, akachukua maembe makavu tu.

Mchana tulikuwa Haller Park, Bamburi. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti, mwamba mtupu. Kuanzia 1971 Bwana René Haller alijaribu miti mingi, michache ikashika, na mvinje ukashinda yote. Majani yake yaliyoanguka hayakuoza mpaka jongoo walipoletwa wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu. Sisi wenye makorongo nyuma ya nyumba tulisimama pale kuliko kwa viboko.

Siku ya mwisho tulikwenda Gede, mji wa mawe ulioachwa msituni karne ya 17, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia Julai 2024. Malindi na nguzo ya Vasco da Gama tulipita haraka, kulikuwa na jua kali. Lakini pale pale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na kiwavi akishajifunga kwenye ganda lake wanauza, anapelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Msitu ukikatwa, biashara inakufa, kwa hivyo wao wenyewe wana sababu ya kuulinda. Akina mama wetu waliuliza maswali hadi dereva akapiga honi mara tatu.

Tulilala njiani Voi usiku huo, kwa sababu ya lile neno la usiku tuliloandika, na hiyo ilitugharimu shilingi 6,200 ambazo hatukuwa tumepanga. Zilizobaki sandukuni ni 1,450. Kitabu nimekuja nacho. Anayetaka kuona hesabu, au karatasi ya makubaliano ya gari ili anakili, aje mezani kwangu baada ya chai.