Mahali pa Kukaa: Urafiki na Vikundi vya Hiari Posta na Kariakoo

Mada hii imeombwa ieleze jinsi wakazi na wafanyakazi wa katikati ya Dar es Salaam wanavyoweza kujenga urafiki wa karibu na jumuiya za hiari. Istilahi zinafahamika: rafiki wa karibu ni yule wa kufa na kuzikana, na jumuiya ya hiari ni watu walioamua kutegemeana bila kulazimishwa na ukoo wala kabila. Dunia nayo imeshtushwa na upweke. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Shirika la Afya Duniani likaunda tume ya mahusiano ya kijamii mwaka 2023. Hayo yatosha kwa utangulizi.

Suala lenyewe ni mahali pa kukaa.

Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na baraza mbele. Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi walikutana barazani bila kualikana. Muuza kahawa alipita na dele lenye mkaa chini, akigonganisha vikombe vyake vidogo, na kwa senti chache mtu alikaa mpaka magharibi, akaondoka anajua nani anaumwa na nani kaachishwa kazi. Katika mitaa hiyo watu waliunda vyama vyao wenyewe. African Association ilianza 1929, na katika jengo lake la New Street, leo Mtaa wa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ambayo zamani iliitwa Sunderland, hazikuwa timu za mpira tu. Moja ilikuwa na udugu na taarabu ya Egyptian Musical Club, nyingine na Al-Watan, na wanachama walifaana kwenye shida na raha.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, maghorofa yalizidi kuchukua nafasi ya nyumba hizo. Baraza ikawa fremu ya duka, na fremu ina kodi. Mbele ya ghorofa kuna ngazi za vigae na mlinzi anayemwinua kila anayekaa. Majirani wa fremu huonana mchana kutwa, zaidi ya wanavyoonana na watu wa nyumbani kwao, lakini jioni mmoja hupanda basi la Kimara, mwingine la Mbagala, na hakuna anayepajua kwa mwenzake.

Undugu haujafa. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wafanyabiashara na wapita njia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufukua kifusi, wengine kwa mikono mitupu.

Kinachotia uchungu ni kwamba moyo huo ukitafuta pa kujishikiza, unakuta fedha tu. Upatu una kijumbe wake. Kikundi cha akiba kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mfuko wa jamii wa misiba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi hivi, na hilo ni la kushukuru kwa dhati. Lakini sheria inalinda fedha za kikundi. Pa kukutania wanachama wajitafutie wenyewe. Wapo wanaokutana dukani kwa mmoja wao baada ya kufunga, wamesimama katikati ya majora ya vitenge. Mzunguko wa akiba ukivunjwa na kila mtu akachukua chake, hakuna kinachowarudisha pamoja. Mtoa mada amelisema hili kwa miaka mingi kila michoro ya majengo inapojadiliwa, na jibu ni lile lile: eneo la chini ndilo ghali kuliko yote. Ni kweli. Ndiyo maana mwekezaji hatalitoa mpaka aagizwe.

Bila kuinyooshea kidole mamlaka yoyote, inapendekezwa kibali cha kila ghorofa jipya kidai baraza ya wazi, yenye kivuli, usawa wa barabara, na isipangishwe. Wauza kahawa watengewe sehemu hapo. Kumbi za kata na madarasa yafunguliwe jioni kwa vikundi, bila malipo. Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyo kati ya Posta na Kariakoo, viwekewe viti vinavyotazamana. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, huzunguka nyumba kwa nyumba. Vikundi vya akiba viige mzunguko huo, ili mwenye fremu apajue kwa jirani yake kabla ya msiba. Katiba zao ziweke kikao kimoja kwa mwezi kisichogusa marejesho wala faini. Ofisi za Posta ziruhusu wafanyakazi kutumia kumbi za mikutano saa za jioni. Na pendekezo la baraza lirudiwe kwa msisitizo, kwa kuwa mengine yote yanahitaji pa kufanyikia: Halmashauri ya Jiji ianze na mtaa mmoja wa Kariakoo, na katika ombi la kibali litakalofuata baraza ichorwe kabla fremu ya kwanza haijagawiwa.