Njia ya Universite Inaanzia Kijijini

Ndugu wasikilizaji wa Tanganyika, ninyi mliokimbia vijiji vyenu, na ninyi wakubwa wa vijiji. Leo tunazungumza juu ya watoto wa Watwa na masomo ya universite. Najua mmoja atasema: vita imetunyang'anya mashamba, na huyu anatuletea habari ya universite! Ngoja kidogo, ndugu.

Mwaka 2016, huko Kabalo, kodi ya viwavi iliwasha moto kati ya Watwa na Waluba. Kuni zilikuwa za zamani: Mtwa analima shamba la jirani, analipwa chumvi au nguo, na maneno yanapokatwa hana wa kumsemea. Je, kama angekuwako mwanasheria mmoja aliye Mtwa, watu wangeanza na mishale?

Lakini mwanasheria huyo anapotea mapema. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi, ni kweli. Baadaye kuna sekondari na minervali yake, halafu mtihani wa Serikali. Bila diploma hiyo universite haimpokei mtu. Wakati wa asali wazazi wanaingia porini pamoja na mtoto. Akirudi, jina limefutwa. Darasani wenzake wanamwita kwa tusi. Sitalitaja hapa redioni. Mnalijua, na watoto walilijifunza nyumbani kwetu.

Tena kuna karatasi. Mtoto huandikishwa bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Ni Watwa wangapi wameandikishwa kijijini kwako, mkubwa? Nanyi mliokimbia, bulletini za watoto zifungeni katika plastiki, mzibebe kama mnavyobeba sufuria.

Iko sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za Watwa, Wambuti na wenzao, na masomo yamo. Lakini sheria haimjui mtoto kwa jina. Wewe mkubwa wa kijiji unamjua.

Na akifika mjini kusoma? Analala wapi, anakula nini? Ewe mama Mluba wa Kalemie mwenye chumba, mpokee. Najua wengine mlipoteza watu, na neno hili ni zito. Hata hivyo nakuomba.

Jumamosi hii, kabla ya soko, kaeni pamoja, Watwa na Waluba. Hesabuni watoto wote wanaomaliza mwaka wa sita, muulizane ni nani hana cheti na ni nani hana minervali. Majina yote yaandikwe kwenye karatasi moja, mkubwa wa kijiji aishike.