Kufufua Uwanja wa Nyumbani Uliomezwa na Magugu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii, na jambo tulilolichagua si la mishahara wala la vyeo. Ni jambo la majani. Huenda wengine wakacheka, wakiona ya kuwa watu wa kalamu hawana haja ya kufundishwa habari za jembe. Lakini twaomba kila mmoja ajiulize moyoni mwake: uwanja wa nyumba ya wazee wake, kule alikozaliwa, leo una hali gani?

Sisi watumishi ni watu wa uhamisho. Leo tupo Tanga, mwaka ujao Songea, kisha Mwanza. Wazee wakiisha kufariki, nyumba hubaki na kufuli mlangoni, na ufunguo hukaa ndani ya sanduku letu huku mbali. Mvua za kwanza huleta kishona nguo. Za pili huleta nyasi za kufika kiunoni. Na baada ya miaka michache vichaka vya lantana huifunga njia, hata makaburi ya wazee hayaonekani. Hapo nyoka hupata maskani, na jirani hupata neno la kusema: “Hapa hapana mwenyewe.”

Neno hilo si dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema ya kuwa ardhi inayomilikiwa kwa haki ya kimila yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, ikiwa mwenyewe hakuikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka 5. Ni kweli kwamba kulipumzisha shamba huhesabiwa kuwa ni kulitumia. Lakini nani atakayewaambia wazee wa kijiji ya kuwa mwitu ule ni mapumziko, ikiwa mwenyewe hajaonekana? Basi kupalilia uwanja si kazi ya urembo tu. Ni kutoa ushahidi kwamba tungali tupo.

Sasa tufanyeje? Jambo la kwanza ni kutazama. Siku ya kwanza ya likizo tusishike panga. Tushike daftari, maana hiyo ndiyo silaha tuliyoizoea. Tuizunguke mipaka pamoja na jirani na mzee mmoja anayeijua, tukitafuta masale au minyaa iliyopandwa na waliotutangulia. Tuandike kila mti ufaao: mwembe huu, mlimao ule, mwarobaini ulio nyuma ya jiko. Wengi huanza kwa kiberiti, na hilo ni hasara. Moto huunguza majani ya juu, na pamoja nayo miche ya miembe iliyojiotea, na pengine paa la jirani. Lakini viazi vya ndago vilivyo chini ya udongo hubaki salama. Mvua ikinyesha huchipua kwa furaha, kwa kuwa tumewaondolea washindani wao.

Jambo la pili ni kumjua adui, kwa maana magugu si kabila moja. Twaweza kuyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yanayoishi kwa mbegu, kama kishona nguo na mchicha pori. Mmea mmoja wa kishona nguo waweza kuzaa mbegu elfu kadhaa, nazo husafiri bila nauli katika suruali zetu. Dawa yake ni kuyakata au kuyang'oa kabla mbegu hazijakomaa. Wenzetu wengi hupeleka fedha nyumbani mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, ili uwanja ufyekwe kabla ya sikukuu. Wakati huo magugu mengi yaliyoota kwa mvua za vuli yamekwisha kudondosha mbegu. Uwanja waonekana safi, lakini kwa kweli umepandwa. Fedha ile ile ikitumika majuma machache mapema, ingefanya kazi maradufu.

Katika fungu hili yatupasa kulitaja gugu karoti, lenye asili ya Amerika, ambalo liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Majani yake yafanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Mmea mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nalo huwapa watu wengi mwasho wa ngozi na taabu ya kifua. Asilishike mtu kwa mikono mitupu. Avae glovu, alifunike pua, alivute lingali halijatoa maua, wakati udongo una unyevu ili mzizi utoke wote.

Fungu la pili ni yale yanayoishi chini, nayo ni ndago na sangari. Mwaka 1977 Bwana LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu juu ya magugu mabaya ya dunia nzima, na ndago wakaipa nafasi ya kwanza. Viazi vyake vimefungana chini kama shanga katika uzi. Tukivuta jani, kiazi hubaki. Tukilima mara moja na kuacha, tumekata uzi na kila ushanga waota peke yake. Basi tuchimbe wakati wa kiangazi, tuvianike viazi juani siku nyingi hata vikauke kabisa. Vitakavyochipua tena tuvikate kila baada ya majuma mawili au matatu bila kuchoka, kwa kuwa kila chipukizi hula akiba ya kiazi, na akiba isiyoongezwa huisha, kama sisi sote tujuavyo mwisho wa mwezi. Tena ndago haipendi kivuli. Tukiisha kuidhoofisha, tupande viazi vitamu au maboga juu yake.

Fungu la tatu ni vichaka, na mkubwa wao ni lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Kuikata shina ni kuiongezea matawi. Hapana budi kung'oa kisiki. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo yasitupwe zizini.

Jambo la tatu ni kufunika. Udongo ulio wazi ni kama kiti kisicho na mtu: atakuja mtu kukikalia. Tutandaze nyasi kavu zisizo na mbegu, unene kama sentimita 10, lakini ziwe mbali kidogo na mashina ya miti, kwa ajili ya mchwa na uozo. Mahali pengine tupande kunde, ambazo huufunika udongo na kuurutubisha. Tena tuokote makopo na vifuu vinavyoshika maji. Homa ya dengi iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 huenezwa na mbu wanaozaliana katika vyombo kama hivyo.

Jambo la nne, na ndilo zito kuliko yote, ni msimamizi. Likizo yetu ni siku 28, lakini magugu hayana likizo. Tumwombe ndugu au jirani mwaminifu, tuandikiane naye mapatano mbele ya shahidi: kazi gani mwezi gani, malipo kiasi gani, na mazao ya kunde na maboga yawe yake. Tusimpe kazi kwa maneno ya “tutaonana.” Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na uwanja nao ni mali.

Katika boma la wazee wetu, huko vilima vya Usambara, tuliligawa eneo mafungu manne. Likizo ya kwanza tulisafisha fungu moja tu, toka mlangoni hata makaburini, tukalimaliza na kulifunika kwa marando ya viazi vitamu. Likizo ya pili tulisogea mbele. Afadhali robo iliyokwisha kuliko uwanja mzima ulioguswaguswa. Mwaka wa tatu jirani mmoja, aliyekuwa akisema hapana mwenyewe, alikuja kutuomba marando ya kupanda kwake. Tulimpa mzigo mzima, na toka siku ile mpaka wetu hauna maneno.

Mabwana na Mabibi, twapendekeza wanachama wanaoweza waombe likizo zao ziangukie kabla ya masika, maana mwezi mmoja wa wakati huo wazidi miezi mingi ya baadaye. Siku ya kustaafu yaja kwa kila mmoja wetu, na siku hiyo nyumba ya serikali itataka ufunguo wake. Ni vema tuwe na mahali ambapo ufunguo wetu wenyewe bado wafungua mlango, na njia ya kuufikia mlango huo iko wazi.