Rizista za Breki na Dakika za Kungoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya rizista za breki, kwa kuwa viwanda vinaleta mashini mpya na mafundi wetu wa stima huambiwa, "Fungeni leo, kesho kazi ianze." Maneno haya si ya mafundi peke yao. Anayesimama chini ya kreni naye ana haki ya kuyajua.

Mota nyingi siku hizi huongozwa na draivu, kile kisanduku kinachoongeza na kupunguza mwendo. Kreni inaposhusha mzigo, mzigo ndio unaoizungusha mota, nayo mota hugeuka jenereta na kurudisha stima ndani ya draivu. Stima hiyo ikikosa pa kwenda, volti hupanda mpaka draivu ijizime katikati ya kazi. Kwa hiyo hutolewa nje, ikapitia katika rizista na kuishia kuwa joto.

Tazameni hesabu yake. Kwenye laini ya volti 415, ndani ya draivu mna kama volti 587 za DC. Wakati wa breki zaweza kufika 780. Rizista ya omu 60 hapo itapitisha ampea 13 na kutoa joto la kilowati 10, na pengine kibao chake kimeandikwa kilowati 1 tu! Yaani hustahimili kwa muda mfupi, kisha sharti ipoe. Basi msikubali rizista "inayofanana" iliyookotwa stoo. Omu zikiwa chini ya kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha draivu, transista ya breki huungua.

Transista hiyo ni kama mlango. Ikiungua, mara nyingi mlango hubaki wazi, stima ikaingia katika rizista bila kupumzika hata iwe nyekundu kama kaa la moto. Watu hukimbilia kitufe cha kusimamisha mota. Mota itasimama kweli, lakini rizista itazidi kuwaka, maana stima ya laini ingali inaingia. Kwa hiyo swichi ya joto ya rizista ni lazima ikate koili ya kontakta kubwa inayoleta stima kwenye draivu. Kuipa draivu amri ya kusimama hakutoshi. Sisi tumeona, katika kiwanda kimoja, waya mbili za swichi hiyo zimeunganishwa na kuzungushiwa tepu, ati ilikuwa inasumbua kwa kuzima mashini. Ilisumbua kwa sababu rizista ilikuwa ndogo kuliko kazi!

Waya za rizista zina mahali pake. Kamwe zisifungwe kati ya plasi na mainasi ya DC, kwani huko hakuna mlango na rizista itawaka mchana kutwa. Herufi za draivu moja si za nyingine, someni kitabu. Rizista iwekwe penye hewa, mbali na vitu vya kushika moto, izungushiwe wavu, na sanduku lake liungwe na waya wa ardhi.

Kabla ya kufungua draivu, zima stima, piga kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako wewe mwenyewe. Kisha ngoja. Kapasita huweka stima hata taa zikizimika. Kibao cha draivu husema dakika ngapi: nyingi ni 5, kubwa 15 au zaidi. Halafu pima kwa mita, plasi na mainasi, na usiguse mpaka ziwe chini ya volti 50.

Hapo ndipo nyapara huja kuuliza kwa nini mafundi wamekaa. Mwambieni kwa adabu kwamba mnangoja volti zishuke. Akiwalazimisha, jueni kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aitoe taarifa ya hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwenye kiwanda hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Taarifa hiyo iandikeni, na nakala mletee katibu wa tawi siku ile ile.