Soksi ya Krismasi kwa Uzi Mnene



Leo nataka kusema nanyi habari za kazi moja ya mikono ambayo kwa macho ni ndogo, nayo ni kufuma soksi ya sikukuu kwa uzi mnene wa sufu. Soksi hii si ya kuvaliwa. Hutundikwa usiku wa kuamkia Krismasi, ili mtoto aamkapo asubuhi aikute imejaa. Najua ya kuwa si wote wanisikilizao washikao sikukuu hiyo. Lakini kazi ya sindano haina mpaka, na yule ajuaye kugeuza kisigino cha soksi hii ataweza kumfumia mtoto wake soksi ya kuvaa wakati wa baridi, awe wa dini yo yote.

Kwanza tuulize asili yake. Katika karne ya 4 palikuwa na askofu jina lake Nikolaus, katika mji wa Myra, ulio katika nchi iitwayo leo Uturuki. Yasimuliwa ya kuwa mtu mmoja maskini alikuwa na binti watatu, wala hakuwa na mali ya kuwaoza. Askofu akapita usiku, akatupa mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba, akaenda zake asijulikane. Alifanya hivyo mpaka wote watatu wakapata. Wasimulizi wa baadaye waliongeza ya kuwa dhahabu iliangukia katika soksi iliyokuwa imeanikwa penye moto. Kweli ya neno hili hatuwezi kuipima, ila desturi ilishika mizizi. Katika Uholanzi watoto huweka viatu vyao, na katika Uingereza na Marekani hutundika soksi. Mwaka 1823, tarehe 23 Desemba, gazeti moja la mji wa Troy, katika jimbo la New York, lilichapa shairi liitwalo "A Visit from St. Nicholas", na ndani yake zimetajwa soksi zilizotundikwa penye bomba la moshi. Shairi hilo liliieneza desturi mbali sana.

Wala msidhani ya kuwa soksi yenyewe ni kitu cha Ulaya tu. Katika nyumba ya makumbusho ya Victoria and Albert, mjini London, zimo soksi za sufu nyekundu zilizotoka Misri, zenye umri wa miaka kama 1,600. Zimegawanyika penye kidole gumba, ili mwenyewe avae na kandambili. Hizo zilifanywa kwa sindano moja, kwa namna ya kale kuliko ufumaji wetu. Tena Misri zimeonekana vipande vya soksi za pamba zilizofumwa kwa ufundi huu tuujuao. Basi mwanamke wa Afrika ashikapo sindano za kufumia, hakopi kazi ya wageni. Anashika kazi ambayo bara lake liliijua zamani.

Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, wa kijiji cha Calverton, alibuni mashine ya kufuma soksi. Tangu siku zile mashine zimeendelea kumshinda binadamu kwa wepesi. Mtu aweza kuuliza, "Kwa nini basi nijisumbue?" Swali hilo nitalijibu, lakini kwanza tushike kazi.

Vitu vitakiwavyo ni hivi. Uzi mnene wa sufu, gramu 200, wenye unene upatao wa kamba nyembamba ya kufungia mzigo. Ikiwa huupati, chukua nyuzi 2 au 3 nyembamba uzifume pamoja kama uzi mmoja. Sindano 4 zenye ncha pande zote mbili, unene wake milimita 8, yaani kuzidi kidogo kalamu ya risasi. Wengi wetu tulijifunza kufuma kwa spoku za baiskeli. Hizo ni nyembamba mno kwa kazi hii. Lakini fundi yeyote aweza kuchonga sindano za mwanzi au za mti mgumu, akazisugua kwa msasa mpaka zisikwaruze uzi.

Kabla ya kuanza, fuma kipande kidogo cha kujaribia. Vitanzi 12 vyatakiwa kuwa na upana wa sentimita 10. Vikiwa vyembamba kuliko hivyo, chukua sindano nene zaidi; vikiwa vipana, chukua nyembamba. Usione uvivu juu ya jambo hili. Uzi mnene hausamehe: kosa la kitanzi kimoja katika uzi mwembamba ni unywele, katika uzi mnene ni kidole.

Sasa tia vitanzi 36 sindanoni, uvigawe 12 katika kila sindano, sindano 3. Ya nne ndiyo ya kufumia. Viunganishe viwe duara, ukiangalia visijiviringe. Kwa mizunguko 8 ya kwanza, fuma vitanzi 2 vya mbele, kisha 2 vya kinyume, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mzunguko. Mdomo wa soksi utakaza na kuvutika. Kisha fuma mizunguko 40 ya vitanzi vya mbele tupu. Hiyo ndiyo shingo ya soksi, urefu wake sentimita 25 hivi. Ukipenda mistari ya rangi, badili uzi hapa.

Sasa twafika kwenye kisigino, na hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kazi kapuni wasiirudie tena. Msiogope. Chukua vitanzi 18 katika sindano moja, yaani nusu. 18 vingine viache vingoje. Hivyo 18 uvifume kwenda na kurudi, safu 16: kwenda kwa vitanzi vya mbele, kurudi kwa vitanzi vya kinyume. Kitanzi cha kwanza cha kila safu ukihamishe tu bila kukifuma, ili kando za kipande zipate mnyororo safi.

Kisha geuza kisigino. Fuma vitanzi 10, viwili vifuatavyo vifume pamoja, fuma 1, ugeuze kazi, ingawa vimebaki 5 hukuvigusa. Kwa kurudi, hamisha 1, fuma 3 vya kinyume, 2 pamoja, fuma 1, ugeuze tena. Sasa utaona mwanya kila upande. Kila safu, hamisha kitanzi cha kwanza, fuma mpaka kibaki kitanzi 1 kabla ya mwanya, kifume pamoja na kile kilicho ng'ambo ya mwanya, fuma 1 zaidi ikiwa kipo, ugeuze. Vikiisha vyote vya kando, umebaki na vitanzi 10, na mkononi mwako una kikombe kidogo. Hicho ndicho kisigino. Hapa redioni maneno haya hupita upesi, lakini kitabuni mtayasoma polepole, sindano zikiwa mkononi.

Fuma vile 10, okota vitanzi 8 katika mnyororo wa ubavu mmoja, fuma vile 18 vilivyokuwa vikingoja, kisha okota 8 vya ubavu wa pili. Jumla ni 44. Endelea kwa duara, na katika kila mzunguko wa pili punguza kitanzi 1 kila upande, pale ubavu ukutanapo na vile 18, mpaka virudi 36. Fuma mizunguko 16 bila kupunguza. Mwisho, kwa ajili ya ncha ya mguu, punguza vitanzi 4 katika kila mzunguko wa pili, 2 kila upande wa mguu, mpaka vibaki 12. Kata uzi, upitishe katika vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea, uvute, ufunge kwa ndani. Kwa kutundikia, suka nyuzi 3 kama ukili, uzishone nyuma ya mdomo, zishike vitanzi vingi. Maana soksi ikijaa, uzito wote huning'inia pale.

Sasa nirudi kwenye lile swali, na ili kulijibu sina budi kusimulia habari yangu mwenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka 14, na kwetu ni katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, ambako mwezi wa Julai mtu huhitaji nguo nzito. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka ule. Alikuwa na sweta moja nene ya rangi ya udongo, aliyoivaa kila asubuhi alipokwenda shambani. Mama aliiweka sandukuni. Ilipokaribia Krismasi, akaitoa, akanipa, akasema, "Mwanangu, umejifunza kufuma shuleni. Ifumue hii, uwafumie wadogo zako soksi. Viwiko vimekwisha, ikikaa sandukuni italiwa na nondo."

Nilikaa nayo siku mbili bila kuthubutu. Sweta ikisha kufumuliwa hairudi kuwa ile ile, nami niliona kana kwamba namfukuza baba nyumbani. Siku ya tatu nikakata mshono. Uzi ukatoka umejikunja kama nywele. Nikauzungusha juu ya mgongo wa kiti, nikaufua, nikautundika kivulini na jiwe dogo chini yake ili unyooke. Ulitosha soksi 2, wala haukuzidi.

Soksi ya kwanza ilitoka vizuri. Katika ya pili, penye kisigino, kitanzi kimoja kiliponyoka nami sikukiona mpaka nilipokuwa nimefika karibu na ncha. Ilikuwa jioni ya mwisho. Nikajua ilinipasa kufumua kazi ya siku mbili. Sikufanya hivyo. Nilichukua uzi mwembamba nikakifunga kwa juu, nikasema moyoni, hakuna atakayeangalia.

Asubuhi mdogo wangu wa kiume akaitungua soksi yake kwenye ukingo wa kitanda. Ndani yake mlikuwa na karanga, kalamu ya risasi, na chungwa penye ncha. Akaivuta kwa furaha, ule uzi mwembamba ukakatika, na kitanzi kikashuka, kikafuatwa na cha pili na cha tatu, kama ngazi ivunjikayo. Karanga zikamwagika sakafuni. Mtoto hakulilia karanga. Alilia akisema, "Sweta ya baba imekufa."

Mama hakunigombeza. Aliiokota soksi, akalitazama lile fundo, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, kitanzi kilichoponyoka hakijui kama leo ni sikukuu." Nikaketi, nikaifumua mpaka chini ya shingo, nikaanza upya. Jioni ya siku ya pili nilimrudishia mdogo wangu soksi yake. Akaingiza mkono mpaka kwenye ncha, akauacha humo kwa muda mrefu.

Hilo ndilo jibu langu. Mashine hufuma upesi na vizuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini mashine haikuijua ile sweta. Mtu akifuma kwa mkono, kila kitanzi kimepita vidoleni mwake, na kosa lake ni lake, na kulitengeneza ni kwake. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfumaji ufa ni kitanzi kimoja. Ukikiona mapema, chukua sindano ndogo yenye ndoana, ukiinue safu kwa safu mpaka kifike mahali pake. Ni kazi ya dakika moja. Ukikiona umechelewa, fumua bila aibu. Uzi mwema haupotei kwa kufumuliwa.

Neno la mwisho ni juu ya kuijaza. Uzi mnene huvutika sana. Usitie vitu vizito, maana asubuhi utakuta soksi imefika sakafuni. Desturi ya Uingereza na Marekani ni kutia chungwa moja penye ncha, nayo ni desturi njema hata kwetu. Juu yake tia karanga, kalamu, kitambaa cha mkono, au barua fupi kwa mtoto ajuaye kusoma. Soksi ni kipimo. Haikubali zaidi ya ijaavyo, wala mtoto wa tajiri hawezi kutiwa mlima ndani yake. Kwa hiyo mzazi mwenye kidogo asione haya: soksi ndogo iliyojaa humfurahisha mtoto kuliko gunia lililo nusu tupu.

Basi, anayetaka soksi iwe tayari kwa Krismasi, aanze mwezi wa Novemba, jioni moja moja, wala asingoje usiku wa mwisho kama nilivyofanya mimi.